Bunkeya: Shaba na Thamani ya Mtu



Tulipofika Bunkeya, katika jimbo letu la Lualaba, tuliona kijiji kitulivu. Mgeni asiyejua historia angepita bila kusimama. Lakini katika miaka ya 1880 hapo palikuwa mji mkuu wa Garenganze, ufalme wa Msiri.

Msiri hakuzaliwa huku. Alitoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo, akifuata njia ya misafara iliyotafuta shaba. Wenyeji wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha shaba kwa karne nyingi kabla yake, wakiimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha yao. Ililipiwa hata mahari. Kwa akili na kwa bunduki Msiri aliitawala nchi. Kutoka Bunkeya shaba na pembe za ndovu zilipelekwa hadi pwani za bahari mbili: Bahari ya Hindi upande wa mashariki, na Benguela upande wa Atlantiki. Pamoja na bidhaa hizo walipelekwa watu, wamefungwa, nao wakauzwa.

Mwezi wa Desemba 1891 ukafika msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Msiri alitakiwa akubali bendera ya kigeni. Alikataa. Tarehe 20 Desemba, siku tano kabla ya Noeli, Kapteni Bodson alimpiga risasi akafa. Naye Bodson aliuawa katika tukio hilohilo. Wageni walisema wamekuja kukomesha utumwa. Hata hivyo, chini ya utawala wao watu wetu walilazimishwa kufanya kazi, na utajiri wa ardhi ukawa mali ya makampuni. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière. Mwaka 1937 ukaanzishwa mji wetu wa Kolwezi, kwa sababu ya shaba ileile.

Ndugu zetu Wayeke humkumbuka Msiri kila tarehe 20 Desemba, na ni haki wamlilie mfalme aliyekataa kuuza nchi yake. Nasi tulisimama pale kwa heshima. Lakini heshima haitufungi midomo: aliyekataa kuuza nchi aliuza watu, na waliomwua kwa jina la uhuru waliwanyima watu uhuru. Pande zote mbili zilimpima mtu kwa mizani ya shaba.

Mizani hiyo haijavunjwa. Malori ya shaba na kobalti yanapita barabarani mwetu mchana na usiku, na wadogo zetu wanashuka mashimoni badala ya kwenda shule. Sisi tunaoamini kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu hatuwezi kumlaumu Msiri na Stairs, kisha tukanyamaza kuhusu siku zetu.

Tujiulize katika kikundi: Ni nani katika parokia yetu anayepimwa leo kwa uzito wa gunia lake? Nasi tutamfanyia nini kabla ya Noeli?