Ubwabwa na Swali la Kuni

Septemba 2020, kwa mama ntilie mmoja pale Buguruni, nilikuwa nasubiri sahani yangu ya wali maharage wakati kijana wa bodaboda alipoipitisha simu yake meza nzima. Kwenye kioo alikuwepo Hashim Rungwe, mgombea urais wa CHAUMMA, mzee mwanasheria, akieleza kwa utulivu kabisa kwamba akiingia Ikulu watoto watakula ubwabwa shuleni. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia na bado nilidhani kucheka ni aina ya uchambuzi.

Mama mwenyewe hakucheka. Alikuwa anapakua, na bila kuinua macho akauliza, "Haya, nani atapika? Na kuni za nani?"

Tukacheka tena, safari hii tukimcheka yeye. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba katika kampeni nzima ile, na nilifuatilia nyingi, sikusikia swali la maana zaidi ya lile.

Neno lenyewe lilikuwa nusu ya kichekesho. Rungwe angesema "mpango wa lishe shuleni" hakuna ambaye angemrekodi. Alisema ubwabwa, neno la nyumbani, la mtoto anayelilia chakula, la shughuli za mtaani ambako mtu haulizwi kaja kwa ajili ya nani bali kama ameshakula. Kumwambia mtu mzima kwamba "amefuata ubwabwa" ni kumtusi kidogo. Kwa hiyo mgombea aliyesimama jukwaani na kulitamka bila aibu alionekana kama aliyepotea njia, alikuwa anaenda hitimani akajikuta kwenye uchaguzi mkuu. Jina la Mzee wa Ubwabwa likamkaa, naye hakulikataa.

Hakuwa wa kwanza kupewa jina na ahadi yake. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo urudishwe mwaka 1992, John Momose Cheyo wa UDP aligombea urais akiahidi jambo ambalo kwa masikio ya wakati ule lilikuwa karibu na matusi: mapesa. Watu wawe na mapesa, basi. Wakamwita Bwana Mapesa. Leo neno hilo halishtui mtu. Kila baada ya nyumba mbili kuna mhamasishaji anayeuza semina ya utajiri. Lakini fikiria nchi iliyokuwa imelelewa na Azimio la Arusha, ambako kwa karibu robo karne kiongozi hakutakiwa kuwa na nyumba ya kupangisha wala mishahara miwili, na kutamani mali hadharani kulikuwa kama kuvua shati msikitini. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, kimyakimya. Miaka minne baadaye akaja mfanyabiashara kutoka Bariadi akalitamka jukwaani lile ambalo wakubwa walikuwa wameshaanza kulitenda.

Mjini walicheka. Usukumani hawakucheka sana. Kule mkulima wa pamba alikuwa ameshazoea kupeleka mzigo wake kwenye chama cha ushirika na kurudi na karatasi badala ya fedha, akisubiri malipo hadi msimu mwingine unakaribia. Kwa mtu wa namna hiyo, mapesa ni neno la kiufundi. Cheyo alipata kura 258,734, karibu asilimia 4, na chama chake kikaingiza wabunge watatu wa majimbo. Mwaka 2000 kura zake zilipanda hadi 342,891. Baadaye alikaa bungeni kama mbunge wa Bariadi Mashariki na kuongoza kamati ya hesabu za serikali, yaani Bwana Mapesa akaishia kuwauliza wengine pesa zimekwenda wapi.

Swali aliloulizwa yeye kwenye kampeni lilikuwa lile ambalo kila mgombea wa chama kidogo analijua kama jina lake: pesa zitatoka wapi? Ni swali halali. Tatizo langu nalo ni kwamba halisafiri sawasawa. Mwaka 2005 CCM iliingia na "maisha bora kwa kila Mtanzania", na mwaka uliofuata serikali ikatenga shilingi bilioni moja kwa kila mkoa za kukopesha wajasiriamali. Mtaa ukaziita Mabilioni ya JK. Watu walipanga foleni, walijaza fomu, walilalamika kwamba wanaopata ni wenye kujuana. Hakuna niliyesikia akisimulia kwamba aliuliza zitatoka wapi. Mwaka 2015 ikaja ahadi ya shilingi milioni 50 kwa kila kijiji na mtaa. Hapo nilikuwa na umri wa kusikia mwenyewe, na swali la kijijini kwetu lilikuwa "lini?" Baadaye likawa "vipi zile?" Kisha likafa.

Chama kikubwa huulizwa lini, chama kidogo huulizwa wapi. Anayeulizwa lini ameshaaminiwa kwamba anacho.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa elimu. Mwaka 2010 Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA, ambacho wakati ule hakikuwa kidogo sana lakini bado kilichukuliwa kama mgeni mezani, aliahidi elimu bure. Aliulizwa pesa zitatoka wapi mpaka ikawa kama kibwagizo. Akapata asilimia 27 na akashindwa. Miaka mitano tu ikapita: CCM ileile ikaahidi elimu bila ada, ikatoa waraka Novemba 2015, na Januari 2016 wazazi wakaacha kulipa. Pesa zilikuwepo, au zilitafutwa zikapatikana. Slaa, kwa wakati huo, alikuwa ameshajiondoa kwenye siasa za chama chake.

Ila waraka ule na ule uliofuata mwaka 2016 viliacha jambo moja mlangoni. Ada iliondoka, chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa kikabaki kwa mzazi. Baadhi ya shule zilizokuwa zikikusanya mchango wa uji na makande zilijikuta na wazazi wanaosema, kwa haki kabisa, si rais kasema bure? Mwalimu mkuu atajibu nini? Sufuria likafunikwa. Nilisoma shule ya msingi ya kutwa kabla ya hapo, na hata wakati wa michango tulikuwa tunajua nani kwao wamelipa uji na nani hawajalipa, kwa sababu wasiolipiwa walikuwa wakati ule wanaenda kucheza mpira kwa bidii ya ajabu. Mama yangu, aliyesoma miaka ya sabini, anakumbuka bulga ya msaada. Hakuipenda. Anaikumbuka hata hivyo, ladha yake na foleni yake, kuliko somo lolote alilofundishwa siku hizo.

Kwa hiyo ahadi ya Rungwe, ukiivua lile neno linalochekesha, ilikuwa imeshika pale hasa ambapo sera ya nchi ilikuwa imeacha tundu. Mwaka huohuo wa 2020 serikali ilitoa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi. Mwongozo unatambua njaa ya darasani. Kuchangia chakula chenyewe kunabaki kwa wazazi na jamii. Haukuchekwa na mtu. Haukutumia neno ubwabwa.

Hapa lazima niingize takrima, maana huwezi kuandika historia ya chakula na kura Tanzania ukairuka. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilifanyiwa marekebisho yaliyosema kwamba mgombea akiwakirimu watu kwa nia njema, kwa desturi ya kawaida, hiyo isihesabiwe kuwa rushwa. Desturi ya kawaida ina tumbo pana. Ndani yake walipita ng'ombe, soda, khanga na sinia za pilau. Wanaharakati wa haki za binadamu walikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Aprili 2006 mahakama ikavifuta vifungu hivyo, pamoja na mambo mengine kwa sababu vinambagua mgombea asiye na kitu: hana cha kukirimu. Miaka minne baadaye ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sasa ona kejeli yake. Kwa miaka sita ubwabwa ulikuwa halali mradi ugawiwe kabla ya kura, na mwenye nacho. Rungwe alikuja kuuahidi baada ya kura, kwa kodi, kwa watoto wasiopiga kura. Huyo ndiye tuliyemwona kichekesho.

Mwaka jana nilirudi kwenye lile swali la Buguruni nikiwa na kalamu. Mama ntilie huyo yupo bado, amehama hatua chache tu, na nilimwomba anipe vipimo. Akanitazama kama mtu wa mikopo. Kilo moja ya mchele mkavu, alisema, ukiwa hupunji wala humwagi, wanakula watoto wanane. Shule ya watoto elfu moja, basi, ni kilo 125 kwa siku. Mwaka wa shule una siku 194. Nikauwekea mchele bei ya shilingi 1,500 kwa kilo, bei ya jumla ya kufikirika isiyo ya anasa, nikapata shilingi 187,500 kwa siku, na 36,375,000 kwa mwaka. Kwa mtoto mmoja ni 36,375. Shule za msingi nchini mwaka 2020 zilikuwa na watoto zaidi ya milioni 10. Zidisha kwa milioni 10: shilingi bilioni 363.75. Bajeti ya serikali ya 2020/21 ilikuwa trilioni 34.88.

Ni kama asilimia moja na chembe. Nilirudia hesabu mara tatu, kwa sababu nilitaka iwe kubwa zaidi. Ingekuwa asilimia 20 ningejisamehe kicheko changu.

Sisemi kwamba asilimia moja ni kidogo. Waulize wanaosubiri dawa au madawati. Ningeweza pia kubishana na Rungwe kwa nini wali na si makande, ambayo ni rahisi na yana maharage ndani. Lakini hayo ndiyo mabishano tuliyopaswa kuwa nayo mwaka 2020, na hatukuwa nayo. Chama chenyewe nacho hakikutusaidia. Sikuona karatasi yao yenye hesabu hizi, na nadhani nafahamu kwa nini: chama kinachojua hakitashinda hakina haja ya kuajiri mtu wa kuhesabu kilo. Ahadi ni deni, tunasema, ila mdai hawezi kumfuata mtu aliyepata asilimia sifuri na nukta. Humo ndimo ahadi za vyama vidogo zinamoota, nzuri na za ovyo pamoja, bila mpaliliaji.

Matokeo yalipotangazwa, Rungwe alikuwa na kura 32,878 kati ya wagombea 15. Mwaka 2015, kabla ubwabwa haujampa umaarufu wa nchi nzima, alikuwa amepata 49,256. Wapinzani wakuu waliyakataa matokeo ya 2020 na wana sababu zao, lakini hata ukizitia zote kwenye mizani, tofauti hiyo inanisumbua. Nchi nzima ilikuwa inarudia maneno yake kwenye simu. Alisikika kuliko alivyowahi kusikika, na kura zikapungua kwa zaidi ya elfu kumi na sita. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosambaza video ile. Nilituma kwa vikundi vinne.

Mei 2025 kundi la makada waliotoka CHADEMA lilihamia CHAUMMA, na chama kikamsimamisha Salum Mwalimu kugombea urais badala ya mzee. Uchaguzi wa Oktoba ule ulikuwa na damu, na sitauingiza hapa kwenye habari za wali. Nataja tu kwamba ubwabwa uliingia nao kwenye kampeni, umevaa suti safari hii, na vijana walewale waliocheka wakaanza kuuita sera.

Nilimpelekea mama hesabu yangu imeandikwa vizuri kwenye karatasi, jumla zote chini. Aliisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alifika mwisho, akairudia kuanzia juu.

"Mwanangu," akasema, "mafuta sioni. Chumvi sioni. Na kuni?"

Nikamwambia nimehesabu mchele tu.

"Sasa watakula mbichi?"

Akanirudishia karatasi, akageuka kumhudumia mteja.