SEHEMU YA 4: Mkongo uliokatika Siku ya Mama

Leo chanjo tunaziweka pembeni kidogo.

Mnakumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024? Ilikuwa Siku ya Mama. Nipo zamu wodi ya wazazi, kila mama anataka kumtumia baba picha ya mtoto, alama inazunguka tu. Mmoja alilia kabisa, akidhani mumewe kamblok! Kumbe huko baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika siku moja. Huduma zilirudi kidogo kidogo.

Waya wa baharini si mgeni kwetu. Mwaka 1879 Waingereza walilaza wa telegrafu kutoka Aden hadi Zanzibar. Ila wa intaneti ulichelewa: Seacom ilifika Dar Julai 2009, EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu. Swali lipande na kushuka, jibu nalo lipande na kushuka, karibu nusu sekunde imeenda, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Mkongo ni nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, unabeba mzigo mkubwa mno kuliko dishi. Ubaya wake, ukikatika lazima meli iende kuutafuta na kuuvuta juu.

Sasa kuna setilaiti za chini, kama Starlink, kilomita 550 hivi. Kenya wanazo tangu 2023. Zina kasi, ila zinataka umeme na anga wazi, na mvua kubwa huzisumbua.

Mimi hospitali ningeipa mkongo, na dishi liwe akiba. Maana Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh likaua watu zaidi ya 80, barabara ilifukiwa. Hapo dishi la kubebwa kwenye gari lina kazi kubwa. Na hata mkongo uwe mzima baharini, kutoka Dar mpaka Mbulu ni nchi kavu, katapila moja likichimba mtaro vibaya, kwisha.

Mjamzito usisubiri WhatsApp. Namba 115 ya m-mama ni simu ya kawaida, ya bure, haitaki bando, wala simu ya ndani ya nchi haipiti baharini. Iandike nyuma ya kadi ya kliniki, na baba naye aishike kichwani.

Sehemu ya 5 narudi kwenye homa ya mtoto.