Historia ya Upasuaji wa Glakoma kwa Watoto

Katika huduma ya uponyaji, yako magonjwa ambayo hayakungoja uzee. Mojawapo ni glakoma ya utotoni, ambayo waganga wa Ulaya waliipa jina la Kigiriki lenye maana ya “jicho la ng'ombe”. Maji ya jicho yasipopata njia ya kutoka, shinikizo hupanda na mshipa wa fahamu hufa polepole. Kwa kuwa ukuta wa jicho changa ni laini, jicho hutanuka, na watu wasiojua husifu uzuri wake.

Kwa miaka mingi wengi wa watoto hao waliishia gizani. Mwishoni mwa karne ya 19, Carlo de Vincentiis wa Napoli alijaribu kuikata pembe inayopitisha maji, ila alikata bila kuiona. Mwaka 1938 Otto Barkan wa San Francisco alieleza jinsi ya kuweka lenzi juu ya jicho, kuitazama pembe ile na kuifungua kwa kisu chembamba. Upasuaji huo ndio goniotomia.

Hata hivyo, kioo cha jicho kikiwa na ukungu, daktari haoni ndani. Ndipo mwaka 1960 Hermann Burian wa Marekani na Redmond Smith wa London, kila mmoja kwa upande wake, walipoleta trabekulotomia, inayoanzia nje ya jicho. Mwaka 1968 J. E. Cairns wa Cambridge alieleza trabekulektomia, yaani kuyafanyia maji mlango mpya. Katika miaka hiyohiyo Anthony Molteno, nchini Afrika Kusini, alibuni kijibomba cha kuyatoa, ambacho husaidia pale njia nyingine zinaposhindwa.

Nchini Tanzania, hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971 kwa ushirikiano wa makanisa, Walutheri wakiwamo, na huduma ya macho ikastawi humo. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya goniotomia kwa watoto waliotibiwa CCBRT, Dar es Salaam. Njia ya Barkan ilikuwa imefika Afrika Mashariki.

Lakini kisu hakirudishi nuru iliyokwisha kuzimika, hulinda iliyosalia. Mtoto mchanga mwenye macho makubwa mno, yanayotoka machozi, kukwepa mwanga au kuwa na ukungu, apelekwe hospitali mapema, na baada ya upasuaji arudishwe kupimwa kila anapoitwa. Hapo mikono ya mzazi hukamilisha kazi ya daktari.