Mpira na Ulaini wa Mwendo

Gurudumu lililovishwa chuma lilipogonga jiwe, mshtuko ulimpanda abiria hadi mgongoni. Robert William Thomson alilizungushia mfuko wa hewa na kupata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1845, lakini haukuenea. Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo mjini Belfast, aliubuni upya kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe: hewa hubonyea, ikaumeza mshtuko njiani. Historia nyingi za usafiri huishia hapo, kana kwamba mpira ulizuka wenyewe. Katika Dola Huru ya Kongo ya Leopold wa Pili (1885–1908) wanakijiji walishurutishwa kuugema porini. Palipopungua kipimo, wake zao walishikwa mateka, na mikono ilikatwa. Kiswahili huita utomvu ule na tairi kwa jina moja: mpira.