Aketi Kwanza Kilioni

Mama mkubwa alitutoka mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, mwanzoni mwa 2019, wakati wa Ebola. Kwetu Wanande, maiti huoshwa na jamaa zake. Siku ile waliingia watu wamefunikwa gubigubi, macho tu yakionekana nyuma ya miwani, wakanyunyiza klorini, wakafunga mfuko, wakaondoka naye. Kilio kikageuka hasira. Vijana wetu wakaokota mawe, nami sikuwazuia.

Mimi ni mwalimu wa sosholojia. Katika miaka ya 1950, wanasaikolojia wa idara ya afya ya Marekani walifundisha kwamba mtu akitambua hatari inayomkabili na faida ya kujikinga, hubadili mwenendo. Mwaka 1962 Everett Rogers akaongeza jambo zito: redio hueneza habari, lakini mtu hushika jambo jipya akimwona anayefanana naye amelishika.

Butembo na mji jirani wa Beni hatukukosa habari za Ebola. Tulikosa imani, na ukosefu huo una historia. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa kwa mapanga. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, magari na fedha vikamiminika, nasi tukauliza: mbona kwa mapanga hawakuja hivi? Tarehe 26 Desemba kura ya urais ikaahirishwa kwetu hadi Machi, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu, hali masoko na makanisa yalikuwa wazi. Januari rais mpya akaapishwa bila kura zetu. Februari vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Aprili daktari Richard Mouzoko, aliyekuja kupambana na Ebola, akauawa hapa mjini. Kifo chake ni deni letu.

Miezi kadhaa baadaye alifariki jirani. Timu ya mazishi ilikuwa ya vijana wa mtaani. Kiongozi wao aliingia kabla ya kuvaa mavazi ya kinga, akaketi kwenye benchi la wafiwa, akasalimu kwa Kinande, akauliza marehemu alipenda nguo gani. Binti akaleta kitenge, kikawekwa ndani ya jeneza. Hakuna aliyeokota jiwe.

Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Kila anayekuja kutubadilisha, namwomba aketi kwanza kilioni.