Mkanda wa Kijani Ulipita Mbali na Baraka

Novemba 2021, wakubwa wa Baraza la Ngumi la Dunia, WBC, walikutana Mexico City wakapitisha ombi ambalo wengi walilichukulia kama mzaha. Saúl "Canelo" Álvarez, kipenzi cha Mexico, alikuwa ametoka tu kukusanya mikanda yote minne ya uzito wa kilo 76. Sasa alitaka kupanda hadi uzito wa kruza, ambako mtu hupigana akiwa na karibu kilo 91, amvae bingwa wa huko. Bingwa mwenyewe alikuwa Mkongomani, Ilunga Makabu, mzaliwa wa Kananga.

Pambano halikufanyika. Canelo alimgeukia Dmitry Bivol, akapoteza kwa pointi Mei 2022. Lakini kwa miezi michache majina hayo mawili yalitajwa kwa pumzi moja, na kwetu sisi wa Fizi, mashariki mwa Kongo, kuna cha kujifunza hapo. Mmexico huyo alitoka katika nchi inayofuga mabondia. Makabu alitoka katika nchi inayowazaa tu, halafu ikawaacha wakatafute malezi ugenini.

Ukitaja ngumi Kongo, watu wanakumbuka usiku mmoja tu: 30 Oktoba 1974, Uwanja wa 20 Mei, Kinshasa, Muhammad Ali na George Foreman. Rais Mobutu alikubali kila mmoja alipwe dola milioni 5, promota Don King akalileta pambano Afrika, na saa ya kengele ikapangwa kwa kufuata televisheni za Marekani: saa kumi alfajiri. Foreman, kijana wa miaka 25, hakuwa amepoteza hata mara moja katika mapambano 40. Ali, mwenye 32, alijiegemeza kwenye kamba akaacha apigwe mikononi na mbavuni mpaka mwenzake akachoka, kisha raundi ya nane akamwangusha.

Hapa Baraka, mji wetu wa Fizi kando ya Ziwa Tanganyika, kwa saa za mashariki, ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka ziwani kwetu, na mwaka huo umbali haukuwa wa kilomita peke yake. Jina la uwanja ule lilikuwa tarehe ya kuzaliwa kwa chama cha Mobutu, MPR. Wakati huohuo, katika milima ya Fizi, waasi wa PRP wa Laurent-Désiré Kabila walikuwa na eneo lao wenyewe, makao yakiwa Hewa Bora, na hawakumtambua Mobutu wala chama chake. Mei 1975, miezi saba tu baada ya pambano, wapiganaji hao walivuka ziwa wakateka watu wanne katika kituo cha utafiti wa sokwe cha Jane Goodall huko Gombe, upande wa Tanzania. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, iliyoonyeshwa kwa dunia usiku wa pambano, yenye taa, wanamuziki na wageni wa heshima, haikuwa Zaire yote. Sidai kwamba kukosa tamasha kulituumiza kuliko vita. Nasema tu kwamba fedha zile zilinunua usiku mmoja, na kulipopambazuka hazikuacha shule ya ngumi Kinshasa, seuze Baraka.

Mexico ilikwenda njia nyingine, tena bila dikteta wa kulipa. Ukumbi wa Arena Coliseo ulifunguliwa Mexico City mwaka 1943, na baadaye televisheni ikaizoesha nchi kukaa Jumamosi usiku kutazama ngumi. Kijana alianza na raundi nne mbele ya majirani zake, akapanda hadi sita, nane, kumi. Canelo mwenyewe aliingia ngumi za kulipwa mwaka 2005 akiwa na miaka 15. Na kushindwa huko hakumalizi mtu: Juan Manuel Márquez alipoteza pambano lake la kwanza kabisa, mwaka 1993, kwa kuondolewa ulingoni kwa kosa. Desemba 2012 mtu huyohuyo alimlaza Manny Pacquiao kifudifudi kwa ngumi moja. Kongo, bondia akipoteza pambano la kwanza, la pili analipata wapi?

Hata ngumi wanayosifika nayo Wamexico, ile ya ini, ni ya kufundishwa polepole. Ini limekaa upande wa kulia, chini ya mbavu za mwisho. Bingwa wao wa zamani, Julio César Chávez, alikuwa akimtisha mtu juu mpaka ainue kiwiko, kisha anaingiza ndoano ya kushoto katika nafasi ile ndogo iliyobaki wazi. Anayepigwa hapo hapotezi fahamu. Anapiga goti, anasikia kila namba anayohesabiwa na mwamuzi, na miguu inamkatalia. Februari 1993 watu zaidi ya 130,000 walijaa Estadio Azteca kumtazama Chávez akimsambaratisha Greg Haugen.

Afrika Mashariki imewahi kuwatikisa Wamexico hao, hata kwao. Olimpiki ya 1968 ilifanyika Mexico City, na Philip Waruinge wa Kenya akakutana na mwenyeji Antonio Roldán katika nusu fainali ya uzito wa unyoya. Majaji watatu walimpa Roldán, wawili wakampa Waruinge. Mmexico akaondoka na dhahabu, Mkenya na shaba. Halafu Waruinge akapewa kombe la Val Barker, la bondia bora wa michezo yote! Mwaka 1981, Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Kampala aliyelelewa Uingereza, alimnyang'anya Mmexico Rafael Limón mkanda wa WBC. Fatuma Zarika wa Kenya alimshinda Yamileth Mercado Nairobi mwaka 2018, akamfuata kwao Mexico mwaka uliofuata, akaacha mkanda huko.

Na Wakongomani? Sumbu Kalambay alizaliwa Lubumbashi mwaka 1956, katika mji unaosema Kiswahili kama sisi, ila ngumi zake zilikomaa Italia. Oktoba 1987, mjini Livorno, alimshinda Iran Barkley akawa bingwa wa dunia wa WBA uzito wa kati, na Machi 1988 akampa Mike McCallum kipigo chake cha kwanza. Kwangu mimi huyu ndiye bondia fundi kuliko wote waliozaliwa Kongo, lakini ukiuliza vijana barazani watakutajia Ali, aliyekaa kwetu majuma machache tu.

Makabu naye alijengwa Afrika Kusini. Januari 2020 alirudi Kinshasa akamshinda Michał Cieślak wa Poland kwa pointi, na mkanda wa kijani wa WBC ukavaliwa katika mji ambao Ali aliuchukulia. Promota wake alikuwa nani? Don King yuleyule. Februari 2023 Badou Jack aliuchukua mkanda huo Saudi Arabia, katika raundi ya 12. Mdogo wake Makabu, Martin Bakole wa uzito wa juu, anaishi Scotland. Februari 2025 aliitwa Riyadh kwa taarifa ya siku mbili kuziba nafasi ya bondia aliyeugua, akaangushwa na Joseph Parker raundi ya pili. Mtu mwenye mfumo nyuma yake angeweza kukataa simu ile.

Wamexico nao wana wasiwasi wao. Canelo amevuka miaka 35, na Septemba 2025 Terence Crawford alimshinda Las Vegas. Hata hivyo Marco Verde alirudi na fedha ya Olimpiki kutoka Paris mwaka 2024. Mmoja akizeeka, kuna mwingine anayepanda.

Kwa kijana wa Baraka anayepiga gunia la mchanga, ulingo wenye mapambano ya mara kwa mara haupo Kinshasa. Upo Dar es Salaam, ambako Azam TV inaonyesha ngumi, na ambako mtoto wa Tanga, Hassan Mwakinyo, alijulikana baada ya kumwangusha Sam Eggington Birmingham mwaka 2018. Ni boti hadi Kigoma, kisha reli. Maelfu ya watu wa Fizi wameshavuka maji hayo tangu 1996, wako katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Ila sheria za Tanzania haziwaruhusu kutoka kambini bila kibali.