Jana haikai na "has"

Kiingereza hutenganisha "she arrived" na "she has arrived" kwa ukali ambao Kiswahili hakina. Msemaji husema "amefika jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hukataa "has arrived yesterday", kwa kuwa "yesterday" hudai "arrived".

Mwanafunzi wa Kimwani, Muleba au Bukoba aliyekulia katika Kihaya anayo hazina ambayo darasani haiguswi sana, na hilo ni hasara. Kihaya hugawa wakati uliopita mara tatu: wa leo, wa jana, na wa kabla ya jana. "Tukakoma" ni "tulifunga", tena zamani. -Ka- hiyo si ile ya masimulizi ya Kiswahili, inayofuata tendo lililotangulia. Kiingereza hakijali umbali huo. Asubuhi ya leo au mwaka 1961, "arrived" ni ileile. Kinachoulizwa ni kama kipindi kimefungwa.

Kukariri jedwali la nyakati hakusaidii sana. Afadhali kitenzi kimoja kibaki na vielezi vibadilishwe: "yesterday", "in 2010", halafu "already", "since Monday". Majibu yaandikwe, maana mdomoni ile -ed humezwa.